Kabla ya Barua ya Chuo: Makaratasi Yanayowakwamisha Vijana wa Malindi

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, huzuka Malindi mazungumzo yale yale juu ya masomo ya ng'ambo. Mzazi ambaye mwanawe amepata A- au B+ huanza kuuliza huku na huku: ni nani aliyempeleka mtoto Uturuki, ni chuo gani cha India kinachopokea, na je, ni kweli kwamba Ujerumani watu husoma bure? Maswali hayo ni ya haki, lakini huja yakiwa yamechelewa karibu mwaka mzima. Vijana wetu wengi wanaostahili nafasi katika vyuo vya nje hawakwami kwa upungufu wa akili, wala mara nyingi hawafiki hata kwenye suala la karo, ambalo ndilo kila mtu hulitaja kwanza. Hukwama katika miezi inayotangulia barua ya kukubaliwa, kwenye kazi ya makaratasi ambayo si shule, si wadi, wala si mfuko wa basari uliojipa jukumu la kuisimamia.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi kabla hawajajua kwamba wameanguka. Mwanafunzi wa Kenya amezoeshwa kungoja: afanye mtihani Novemba, matokeo yatoke Januari, KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, ifungue mtandao wake achague kozi, kisha baada ya miezi kadhaa aende chuoni. Nchi nyingine haziendi hivyo. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, na siku ya mwisho kwa kozi nyingi huangukia Januari. Kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka uliotangulia, wakati ambapo mtahiniwa wetu bado hajamaliza hata mitihani ya vitendo. Vyuo vingi vya Marekani vinavyochagua wanafunzi kwa ushindani mkali hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, ambao hulipa karo, malazi, bima ya afya, tiketi ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, kwa kawaida hupokea maombi kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari, bila kutoza ada yoyote. Mwombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa awe na umri chini ya miaka 21, sharti ambalo kwetu lina uzito wake, kwa sababu watoto wengi wa Pwani hutangulia chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia darasa la kwanza, na wengine hurudia madarasa kwa kukosa ada, hivi kwamba mtu humaliza sekondari umri huo ukiwa umekaribia au umepita.

Vyuo vinavyofunga milango kabla ya matokeo hukubali alama za makadirio, yaani mwalimu huandika kile anachotarajia mwanafunzi atapata, na chuo hutoa nafasi kwa masharti. Shule za kimataifa za Nairobi na Mombasa huifanya kazi hii kila mwaka. Shule zetu nyingi za umma hazijapata kuombwa alama hizo, na mwalimu mkuu anapoombwa kwa mara ya kwanza huona kana kwamba anatakiwa kutabiri au kudanganya. Kwa hiyo mwanafunzi huambiwa asubiri matokeo, na kusubiri huko humgharimu mwaka.

Hivi karibuni niliketi katika saiberi moja karibu na soko la zamani, nikimsaidia kijana kupanga faili lake. Mama yake alikuwa ameyaleta makaratasi yote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chake mama, karatasi ya matokeo na barua ya chifu. Kwenye cheti cha kuzaliwa kijana ameandikwa Athman, kwenye karatasi ya KCSE ni Othman, na jina la babu yake, ambalo ndilo la tatu, limo katika karatasi moja na halimo katika nyingine. Kwa sisi wa huku hilo si jambo, kwa maana kila mtu ajua kwamba ni mtoto yule yule. Kwa ofisa wa udahili aliye mbali, hao ni watu wawili, na mmoja wao huenda akawa anatumia vyeti vya mwenziwe. Marekebisho yake ni hati ya kiapo mbele ya wakili, na pengine kulisahihisha jina lenyewe katika ofisi ya vizazi na vifo au katika baraza la mitihani, KNEC. Yote yanawezekana, lakini kila moja lina ada yake na wiki zake.

Kisha tukafika kwenye uthibitisho wa fedha. Mama huuza samaki wa kukaanga na mahamri, na baba ni mvuvi anayelipwa taslimu na tajiri wa samaki ufukweni. Hakuna hati ya mshahara, wala akaunti ya benki iliyokaa na pesa. Kilichokuwapo ni taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, kurasa nyingi za shilingi 150, shilingi 300, shilingi 1,000 kutoka kwa binti aliyeolewa Mombasa, na kila kinachoingia asubuhi kimetoka kabla ya magharibi. Mama aliitazama ilipokuwa ikichapishwa, akaniuliza, "Mwanangu, pesa zote hizi zimepita kwangu; mbona wao wataka kuziona zimelala?" Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili kwa usahihi zaidi ya huo. Balozi na vyuo hupima uwezo wa familia kwa salio lililotulia, ilhali uchumi wa familia nyingi za Malindi ni wa mzunguko.

Viwango vyenyewe si siri. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini ili apate viza mwanafunzi huhitaji kuweka kiasi cha mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, ambayo humpa sehemu kila mwezi, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa euro 11,904. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, nazo zatakiwa ziwepo kabla ya safari. Uingereza hutaka fedha za matumizi ya miezi 9, zaidi ya pauni 1,000 kwa kila mwezi, pamoja na karo ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa, na fedha hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo. Hapa ndipo wanapoingia watu wa kukodisha salio, ambao huiweka fedha katika akaunti ya mzazi kwa muda, huchukua faida yao, kisha huitoa. Yafaa isemwe waziwazi: sheria ya uhamiaji ya Uingereza humchukulia anayewasilisha ushahidi wa uongo kuwa amedanganya, na anaweza kunyimwa viza kwa miaka 10. Kijana wa miaka 19 hubebeshwa adhabu hiyo kwa mpango uliofanywa na watu wazima.

Kwa upande wa Italia, Malindi ina jambo ambalo miji mingine ya Kenya haina, nalo limetumika kidogo mno. Mahusiano yetu na Waitaliano hayakuanza na hoteli. Tangu miaka ya 1960 kuna kituo cha anga za juu cha San Marco huko Ngomeni, kilichoanzishwa na Profesa Luigi Broglio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Roma, na ni kutoka kwenye jukwaa la baharini la kituo hicho ambapo setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Kisha ukaja utalii, na leo kijana wa Malindi huzungumza Kiitaliano alichokiokota ufukweni, jikoni au nyuma ya kaunta, akakizungumza kwa ufasaha unaowashangaza wenyewe. Lugha hiyo imetumika kuuza vinyago na kuongoza watalii. Ni nadra kusikia mwalimu akimwambia mwanafunzi wake kwamba inaweza kumfikisha Bologna, chuo kinachohesabiwa kuwa kongwe kuliko vyote barani Ulaya, au Padova, au Pisa.

Utaratibu wa Italia una manufaa ya pekee kwa familia isiyo na kitu. Vyuo vya umma hukadiria karo kwa kipimo cha mapato na mali ya familia, na mwenye mapato ya chini husamehewa karibu yote. Zaidi ya hapo, kila jimbo lina mfuko wake wa haki ya kusoma, ambao humpa mwanafunzi maskini fedha za matumizi, chakula katika bwalo na, nafasi zikiwapo, kitanda katika bweni, bila kumbagua kwa kuwa ni mgeni. Mwombaji wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hujiandikisha kwanza katika tovuti ya Universitaly, hupeleka vyeti vyake vitambuliwe na ubalozi au na kituo cha CIMEA, kisha huomba viza. Anayetaka kozi inayofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hutakiwa awe na kiwango cha B2, yaani cha juu ya kati, kwa cheti kama CILS cha Siena au CELI cha Perugia. Kiitaliano cha ufukweni hakitoshi kwa hilo, kwa sababu mzungumzaji wake mara nyingi hajapata kuandika hata barua. Lakini umbali uliobaki kati yake na B2 ni mfupi kuliko ule wa kijana wa Nyeri anayeanza sifuri.

Pamoja na hayo, mlango huu nao una kizingiti chake cha makaratasi. Ili karo ikadiriwe kwa mapato, mapato lazima yathibitishwe: hati za watu wa nyumbani, mishahara, nyumba, ardhi na akiba, zote za mwaka maalumu, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiitaliano na kuhalalishwa. Mvuvi asiye na risiti anaanzia wapi? Umaskini wake ndio unaomstahilisha msaada, na umaskini huo huo ndio unaomfanya ashindwe kuuthibitisha. Kadhalika viza ya Italia huhitaji uthibitisho wa fedha za kujikimu zinazopita euro 6,000 kwa mwaka, na ingawa msaada wa jimbo huweza kukubaliwa kama uthibitisho, majibu ya mifuko mingi hutoka baada ya viza kuwa imekwisha kuombwa. Familia yenye mtu anayejua mpangilio huu huanza kukusanya hati mwaka mmoja kabla. Isiyo naye hugundua Juni, na Juni huwa wameshachelewa.

Kuna upungufu mwingine ambao hauhitaji fedha hata kidogo, nao ni wa kujieleza. Vyuo vya Marekani na Uingereza humtaka mwombaji aandike juu yake mwenyewe. UCAS, kuanzia maombi ya kuingia chuoni 2026, imeigawa insha hiyo katika maswali matatu: kwa nini wataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za huku amefundishwa kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba wema hutajwa na wengine. Nimesoma rasimu za vijana waliofundisha watoto wadogo madrasa kila jioni kwa miaka, waliotunza vitabu vya hesabu za duka la familia, waliozamia na baba zao na wakajua majira ya pepo za kaskazi na kusi kwa undani, na hakuna hata kimoja katika hayo kilichotajwa. Badala yake kuna sentensi zilizonakiliwa kutoka kwa wakala, kwamba mwombaji ana shauku kubwa ya kujifunza na chuo hicho ni cha ndoto zake. Barua za walimu nazo huwa za mistari miwili: mwanafunzi huyu ana nidhamu, namtakia kila la heri. Mwalimu hajafanya ubaya. Hajaonyeshwa kwamba msomaji wa barua ile hutaka kisa, kazi mahususi, swali ambalo mwanafunzi aliuliza darasani likambadilishia mwalimu somo lake.

Pengo lote hili limejazwa na mawakala. Sisemi kwamba wote ni walaghai, maana wapo wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Hata hivyo yafaa mzazi ajue kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyovipelekea wanafunzi, na hivyo ushauri wao hauelekei kwenye chuo kinachomfaa mtoto au kisichotoza karo. Njia ya kujikinga ipo na haina gharama: Kanada huchapisha orodha ya taasisi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, Uingereza huchapisha orodha ya vyuo vyenye leseni ya kuwadhamini, na hapa nchini Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua shahada za nje. Kwa taaluma kama udaktari, baraza husika lina mitihani yake kwa waliosomea nje kabla ya kuwasajili. Mzazi aulize hayo kabla ya kulipa chochote. Mara nyingi ataona kwamba Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kinamfaa mwanawe kuliko chuo binafsi cha ng'ambo ambacho shahada yake itazua maswali, na huo si uchaguzi wa walioshindwa.

Eneo la Bonde la Ufa limetupa mifano miwili inayostahili kuwekwa kando kwa kando. Mwaka 2004 ulianzishwa huko mradi wa KenSAP, ambao huwachagua watahiniwa waliofanya vizuri sana wasio na uwezo, huwakusanya pamoja, huwafundisha mtihani wa SAT na uandishi wa insha, na huwaongoza kuomba vyuo vya Marekani vyenye misaada mikubwa. Wanafunzi wake wamefika Harvard, Yale na vyuo vingine vya daraja hilo. Fedha za mradi huo huenda kwenye maandalizi, na karo hulipwa na vyuo vyenyewe. Eneo hilo hilo lilishuhudia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Ufini na Kanada, ambao wazazi walilipa karo kupitia kaunti, na kufikia 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret kudai fedha zao huku watoto waliokwisha kusafiri wakiwa hatarini kufukuzwa vyuoni kwa karo isiyolipwa. Tofauti kati ya hiyo miwili naiona hapa: mmoja ulimwezesha mwanafunzi aombe mwenyewe, mwingine ulimfanya ofisa kuwa mpitishaji wa pesa.

Ndiyo maana napendekeza kwamba sehemu ya fedha za basari, ziwe za kaunti au za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zielekezwe kwenye gharama za kabla ya udahili. Hivi sasa basari humtaka kijana alete barua ya kukubaliwa, na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Hakuna anayelipia mtihani wa lugha, nauli ya kwenda kuufanya Mombasa, tafsiri ya vyeti, uthibitisho wa KNEC, pasipoti, wala dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ambazo mwanafunzi anayekwenda huko hulipa kabla ya mahojiano ya viza. Gharama hizi ni ndogo zikilinganishwa na karo, na kijana mmoja akipata ufadhili kamili kwa sababu yake, kaunti itakuwa imeokoa basari ya miaka minne. Pamoja na fedha hizo, paajiriwe mshauri mmoja kwa shule kadhaa, anayejua kalenda, alama za makadirio na orodha za vyuo halali, asiyechukua kamisheni popote, na asiyepokea hata senti ya karo mkononi mwake.

Nimesikia hoja kwamba fedha za umma hazifai kumsaidia mtu aondoke, hasa katika kaunti yenye uhaba wa madaktari na wahandisi. Hoja hiyo ina uzito, na wapo watakaokwenda wasirudi. Lakini mtoto wa mwenye hoteli huondoka vilevile, bila kuomba ruhusa ya mtu, na yule ambaye tunamzuia kwa kutomsaidia ni wa mvuvi peke yake. Kwa wasichana kizuizi huongezeka, kwa kuwa nyumba nyingi humwachia kaka safari na hutaka dada asome karibu. Uzoefu wangu ni kwamba baba hulegeza msimamo anapoonyeshwa karatasi yenye jina la bweni, gharama iliyolipwa na simu ya mtu wa kuwasiliana naye, na karatasi hiyo nayo hutokana na maandalizi yale yale.

Muda wa kuyapanga haya ni mfupi kuliko unavyoonekana. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, nao watamaliza 2028 wakiwa na cheti ambacho maofisa wa udahili wa Roma, Ankara na London hawajapata kukiona. Kila ombi lao litahitaji maelezo ya shule juu ya mkondo waliosomea, namna walivyopimwa na maana ya viwango vyao, yakiwa yameandikwa na kutiwa muhuri kabla ya Oktoba mwaka huo. Walimu wakuu wa Malindi wanaweza kukutana na kuandika waraka mmoja wa pamoja utakaotumiwa na shule zote, na wakati huo huo wakakagua cheti cha kuzaliwa cha kila mwanafunzi dhidi ya jina lililosajiliwa kwa mtihani, kazi ambayo ikifanywa sasa humaliziwa kwenye daftari la shule, na ikingoja hadi 2028 itamalizikia kwa wakili.